Gemu za kutisha: acheni zimwi, angalieni nyumba

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na Jumamosi iliyopita kwenye ukurasa wa vijana mlitoa ile orodha ya gemu za kutisha kuliko zote, nikaisoma yote nikiwa kwenye daladala na nikashuka nimekasirika kidogo. Sio kwamba gemu mlizotaja ni mbaya, hapana, nyingi nazijua na nimezicheza, shida yangu ni sababu mlizotoa. Kila gemu mwandishi wenu ameisifia kwa vitu viwili tu, zimwi lake likoje na damu inamwagika kiasi gani, afu mwishoni akasema za zamani siku hizi hazitishi tena maana grafiki zake zimepitwa na wakati. Hapo ndo nikaona bora niandike.

Mi naona ni kinyume kabisa. Kinachomtisha mchezaji ni mahali, yaani nyumba, korido, mtaa, mlango, saundi inayotoka ghorofa ya juu, na hasa kile ambacho hapo mahali panakunyima usikione au usikisikie vizuri. Zimwi likishatokea mbele yako mambo yameshakuwa rahisi, ni kupiga risasi au kukimbia, na mtu anayekimbia hata muda wa kuogopa hana.

Kwanza tuelewane kwamba kushtuka sio kuogopa. Kukushtua hata mtoto wa miaka minne anaweza, anajificha nyuma ya kochi anapiga kelele, unaruka, mnacheka, basi. Hofu ni zile dakika kumi unazotembea na hamna kinachotokea, mikono inatoa jasho kwenye padi, kile kidude cha kuchezea, na wewe mwenyewe ndo unaanza kutembea polepole japo gemu haijakuambia utembee polepole.

Chukua gemu ya Resident Evil ya kwanza kabisa, ya mwaka 1996, ya kampuni ya Capcom ya Japani, ile iliyoongozwa na Shinji Mikami. Mazombi yake ukiyaangalia leo kwenye tivii kubwa ni vipande vipande tu, yanachekesha, hilo namkubalia mwandishi wenu. Lakini jumba lenyewe bado linafanya kazi. Kamera mle ndani haiko mikononi mwako, imefungwa sehemu, mara kwenye kona ya dari, mara chini karibu na sakafu, na ukivuka mstari fulani inaruka inakuonesha kutoka upande mwingine. Sasa unaingia kwenye korido, unajiona kwa mbali, unasikia mtu anaburuta miguu na kuguna, na humuoni, yuko nyuma ya kona ambayo kamera imegoma kukuonesha, yeye yuko hatua tano na wewe unabaki kuangalia ukuta. Ukiwa unazungusha kamera mwenyewe hiyo hofu haipo, unachungulia tu.

Na msidhani waliamua hivo kwa sababu za sanaa peke yake. Mashine ya wakati ule isingeweza kuchora nyumba yenye mapambo yale palepale unapotembea, kwa hiyo kila chumba kilikuwa ni picha iliyotengenezwa kabla, imetulia, na wahusika ndo wanatembea juu yake, na picha iliyotulia inataka kamera iliyotulia. Wafaransa wa Infogrames walishafanya hivo kwenye Alone in the Dark mwaka 1992. Hata ile milango, kila ukihama chumba skrini inakuwa nyeusi unaona mlango peke yake unafunguka taratibu unalia kiii, ile ni gemu inapakia chumba kinachofuata, ni kusubirishwa tu, lakini wewe uliyeshika padi hujui upande wa pili kuna nini na sekunde zile zinakumaliza.

Afu kuna ile korido yenye madirisha ambayo kila aliyeicheza anaijua. Unapita zako, kioo kinapasuka, mbwa wanaingia. Hapo mwandishi wenu atasema si umeona, ni kushtuliwa tu. Ndio, sekunde ile ni kushtuliwa, ila angalia kinachofuata, kuanzia hapo kila dirisha la jumba zima linakuwa na mbwa nyuma yake hata kama halina, unapita korido tupu kabisa umebana pumzi, yaani tukio moja limetia sumu nyumba nzima na Capcom hawajahitaji kuweka mbwa kila dirisha. Walipoitengeneza upya mwaka 2002 walijua watu wanalisubiri lile dirisha, wakafanya uhuni mzuri sana, ukipita mara ya kwanza kioo kinapata ufa tu. Krrk, kimya. Mbwa wanakuja baadaye ukishajisahau.

Kuna na kitu kingine cha mle ambacho orodha yenu haikukigusa, kile chumba cha kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia ili ukifa usianze upya. Unakuta taipureta, sanduku la kuweka vitu, muziki mpole, hamna adui anayeingia. Wahusika wa kuchagua ni wawili, ukiwa unacheza na Chris una nafasi sita tu za kubebea vitu, Jill ana nane, na kusevu kwenyewe kunataka utepe wa wino ambao unaisha, kwa hiyo ukifika pale unakaa unapiga hesabu, nibebe risasi au nibebe dawa, nisevu sasa hivi au nijikaze. Na muda wote unajua lazima utoke. Bila hicho chumba jumba lisingetisha hivo maana mwili unazoea, ukitishwa masaa mawili mfululizo unakuwa sugu, lazima kuwe na sehemu ya kupumua ndo kutoka nje kuwe kugumu.

Sasa tuje kwa Silent Hill ambayo nyie mliipa mistari miwili. Miwili! Kampuni ya Konami, mwaka 1999, kikosi chao walichokiita Team Silent, mwongozaji Keiichiro Toyama. PlayStation ya kwanza, mashine iliyokuwa inaichezesha, ilikuwa na memori ya megabaiti 2, simu yoyote ya batani ya leo inaweza kuwa na zaidi, na wao walitaka mji mzima unaotembea mtaa kwa mtaa. Haiwezekani. Ukichora majengo ya mbali mashine inakufa, usipoyachora mchezaji anaona majengo yanachomoza ghafla mbele yake. Wakamwaga ukungu. Unaona hatua chache tu mbele, kingine cheupe, gemu inachora kile kidogo kilicho karibu na wewe na kwingine kote inapumzika, na hapohapo bila kuongeza zimwi hata moja ukapata mji ambao kila kitu kinaweza kuwa kimesimama mita tano kutoka ulipo.

Afu wakakupa redio. Hii redio ni ya ajabu kwa sababu inakusaidia, adui akiwa karibu inaanza kukwaruza, na kadri anavyosogea inazidi, kwa hiyo kimahesabu ungetakiwa kuogopa kidogo maana umeonywa mapema. Wapi! Inakuambia yupo, haikuambii yuko upande gani. Unasimama katikati ya barabara unageuka huku, unageuka kule, ukungu mtupu, redio inakwaruza. Siku nyingine unajikuta unatamani zimwi litokee tu yaishe, na ukishaanza kutamani litokee basi jua watengenezaji wameshakushinda.

Mwanzo wa ile gemu ningeomba mwandishi wenu akautazame vizuri, auangalie kama mtu anayesoma shule. Harry Mason, mwandishi wa vitabu, mtu wa kawaida tu, anapiga risasi vibaya na akikimbia sana anahema, anamtafuta binti yake Cheryl kwenye ukungu. Anamuona kama kivuli, anamfuata kwenye uchochoro. Uchochoro unabana. Kamera inaanza kulala upande, inapanda juu, inashuka, kiasi kwamba huelewi tena umetokea wapi. Mchana unageuka giza hapohapo bila maelezo, anawasha kiberiti, king'ora kinalia mbali huko, anapita kiti cha magurudumu kimeanguka na tairi linazunguka lenyewe, anapita kitanda cha hospitali kina mtu amefunikwa shuka la damu. Hamna aliyekugusa mpaka hapo. Hata muziki, Akira Yamaoka alikuwa anatengeneza saundi za vyuma kugongana na mitambo kunguruma, kuna sehemu huwezi kusema kama huo ni muziki au ni mashine iko chini ya sakafu. Vile vitoto vyenye visu vinapokuja mwishoni we ulishaogopa kitambo, na vyenyewe kusema ukweli ukiviona kwenye picha havitishi hata kidogo.

Na shule ya Midwich. Unaizunguka kwanza, unajifunza madarasa, unaijua ramani, unaingia kwenye mnara wa saa pale uani, ukitoka upande wa pili ni shule ileile lakini giza, mvua, kuta zina kutu, sakafu sehemu nyingine imekuwa nyavu za chuma na chini yake hamna kitu. Hicho kitendo cha kukufundisha mahali kwanza ndo ujanja wenyewe. Mahali usipopajua unakuwa mgeni, unakuwa makini, sawa. Ila mahali ulipoanza kupazoea pakibadilika hauna tena pa kushika.

Silent Hill 2 ya mwaka 2001 wakaenda mbali zaidi. James Sunderland amepata barua kutoka kwa mke wake ambaye ameshakufa, anaanzia kwenye choo cha barabarani juu ya mlima na inabidi atembee njia ya msituni mpaka mjini, na ile njia ni ndefu, ndefu kwelikweli, hamna adui, unasikia hatua zako kwenye kokoto na vitu unavyodhani umevisikia nyuma. Mtu wa haraka atasema gemu inachosha. Afu kule kwenye maghorofa ya Wood Side unaingia chumba cha giza unaona tochi imewashwa imechomekwa kwenye sanamu la kushonea nguo, raha iliyoje, giza lote lile na sasa nimepata tochi, unaichukua, na kile ulichodhani ni kivuli pembeni ya chumba kinasimama. Mwanga ulikuwa wa kwako lakini ndo umekuingiza matatani, na baada ya hapo hata tochi yenyewe huiamini.

Kwa yule anayesema ukungu ulikuwa ni umaskini wa mashine tu, mwaka 2012 Konami walitoa upya Silent Hill ya pili na ya tatu kwenye mashine zenye nguvu zaidi, lile toleo la HD, yaani la picha kali zaidi, na ukungu haukukaa sawa, ukawa mwepesi, unaona mpaka pale seti inapoishia, kama umekaa nyuma ya jukwaa kwenye maigizo. Mashabiki walilia. Na mwaka 2024 Bloober Team wa Poland wakaitengeneza ya pili upya kabisa kwa PS5, yaani PlayStation ya tano, mashine ambayo ingeweza kuchora mji ule mpaka upande wa pili wa ziwa bila kutoa jasho, na cha kwanza walichorudisha ni ukungu. Hapo hoja ya grafiki za kizamani mi naona imekufa.

Sasa niseme kitu kinachotuhusu sisi moja kwa moja, maana kwenye orodha yenu mliiweka Resident Evil 5 nafasi ya tatu na mimi hapo nilicheka peke yangu watu wakaniangalia. Ile ya mwaka 2009 yule Chris wa jumba, Chris Redfield, anakuja Afrika, kwenye eneo la kubuni linaitwa Kijuju, wanasema ni Afrika Magharibi, na maadui wanaongea Kiswahili. Kiswahili Afrika Magharibi, haya, tuliache hilo, na yale malalamiko ya watu kuhusu namna Waafrika walivyooneshwa mle ni mjadala mkubwa na una haki yake ila leo siugusi. Naongelea hofu tu. Gemu iliyotangulia, Resident Evil 4 ya 2005, wanakijiji walikuwa wanapayuka Kihispania, na kwa sisi tusiojua Kihispania ile ilikuwa ni kelele inayotoka kwenye miti, hujui wanakutukana au wanapanga wakuzunguke wapi. Ilitisha. Mhispania sijui aliichezaje. Halafu ikaja zamu yetu, jua la saa saba mchana, umesimama sokoni kwenye vibanda vya mabati, jamaa anakujia na shoka huku anaongea lugha ambayo we unaitumia kuagizia chipsi mayai. Nilikuwa na jamaa zangu watatu pale, kila adui akifungua mdomo wanamjibu. Hofu itatoka wapi?

Pia una Sheva, mhusika mwenzako, pembeni anakulinda, na mtu ukiwa na mwenzio hata makaburini unapita unapiga stori. Kitu pekee mle ndani kilichonitia ubaridi ni zile dakika za mwanzo kabisa, unapita mtaani watu wanakukodolea macho tu hawasemi, unasogea kidogo, ukija kugeuka mtaa mzima ni mtupu. Mahali tena! Hamna aliyekurukia, mtaa wenyewe umebadilika.

Gemu za karibuni zilizoelewa hili zipo na ningependa mziandikie. Amnesia: The Dark Descent ya mwaka 2010, ya Frictional Games kule Sweden, haina silaha kabisa, ukikaa gizani akili ya mhusika inaanza kuvurugika na ukikaa kwenye mwanga unaonekana, chagua mwenyewe. Kuna sehemu ya chini ya ngome iliyojaa maji, na ndani ya maji kuna kitu ambacho hakionekani. Hakionekani kabisa, mwandishi wenu angekipa alama ngapi za ubaya wa sura? Unachoona ni maji yanaruka, chwa, chwa, chwa, yanakuja upande wako, na wewe umesimama juu ya boksi unatafuta boksi jingine la kurukia. Jamaa wameondoa mpaka zimwi lenyewe wakabakiza maji, na ni moja ya sehemu watu wanazozitaja mpaka leo.

Alien: Isolation ya mwaka 2014 nayo, kituo cha Sevastopol huko angani, una kifaa kinakuonesha kinachotembea, ila ukikiangalia hicho kifaa mbele yako panakuwa na ukungukungu, na mlio wake ukiwa karibu na yule mnyama wa angani anayekuwinda anausikia. Kusevu unachomeka kadi kwenye ukuta na kusubiri taa ziwake moja baada ya nyingine ukiwa umempa dunia yote mgongo. Na gemu fupi ya P.T. ya Hideo Kojima, mwaka huohuo, korido moja yenye kona moja ndani ya nyumba ya kawaida, ukifika mwisho unafungua mlango unajikuta mwanzo wa korido ileile na saa bado inasema 23:59, kila mzunguko kuna kitu kidogo kimebadilika. Korido moja tu Mhariri, na waliitoa bure. Mwaka 2015 ikaondolewa dukani na watu waliokuwa nayo kwenye mashine zao waligoma kuifuta.

Najua wengine watasema mbona sisi tukicheza hizo hazitutishi. Sasa we unachezea bandani, watu kumi na tano nyuma yako, upande huu wanacheza mpira wanagombana kuhusu penati, spika ya nje inapiga singeli, tivii imezimwa saundi kabisa, na kuna dogo ameshaimaliza anakuambia kaka usiogope hapo hamna kitu, yuko chumba cha pili kushoto. Hapo umebakiwa na picha peke yake, na picha peke yake ndo hiyo mwandishi wenu aliyoipigia kura. Kutazama kwanza video za mtu akiicheza YouTube ni kosa hilohilo, ukishajua nyumba ina nini ndani umeinunua ikiwa imekufa.

Kwa hiyo ombi langu, mkirudia hiyo orodha mpeni mwandishi wenu hedifoni na chumba cha peke yake usiku, na aandike vyumba, milango, saundi, alinyimwa nini na wapi. Na kwa wasomaji wenye kompyuta za kawaida kama yangu wasikate tamaa na bei za PS5, Amnesia inakubali kwenye mashine ya zamani tu, na Silent Hill ya kwanza ukimpata mwenye PlayStation ya kizamani inayosoma CD bado inacheza vizuri. Mazimwi yake yana pembe pembe, yasikusumbue, mengi utayasikia kwenye redio kabla hujayaona.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga